Mnaoomba Sayansi ya Siasa mwaka huu, pitieni hapa kabla hamjathibitisha chuo

Mdigo wa Duga

Salaam kwenu wanajamvi, na shikamooni wakubwa zangu.

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe wa vijana wa hapa nyumbani Tanga. Wengi ni wa HGL, HGK na HKL, yaani michepuo ya Historia, Jiografia na lugha ya kidato cha tano na sita, na swali lao ni moja: "Kaka, Sayansi ya Siasa inalipa?" Nimeisoma fani hii Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikarudi mkoani kufanya kazi serikali za mitaa, na ninaipenda kwa dhati. Ndiyo maana inaniuma kumwona kijana anaijaza kwenye fomu kwa sababu tu alama za Sheria hazikutosha, halafu anafika chuoni hajui amefuata nini.

La malipo nitalijibu, sitalikwepa. Kwanza tuelewane kinachosomwa.

Mtaani watu wanaamini ni kozi ya kuandaa wabunge. Waheshimiwa wengi hawakuisoma, na wengi walioisoma hawajawahi kuchukua fomu hata ya udiwani. Fani hii inachunguza madaraka: nani anayo, aliyapataje, anayatumiaje, na wanaotawaliwa wana njia gani ya kumhoji. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inafundishwa pamoja na utawala wa umma, miaka 3, ndiyo maana wanafunzi wake huitwa watu wa PSPA (Political Science and Public Administration). Dodoma, Mzumbe na Chuo Kikuu Huria nako kuna programu zinazokaribiana nayo, kila moja na mkazo wake. Mzumbe, ambayo chimbuko lake ni chuo cha serikali za mitaa cha mwaka 1953, imeegemea zaidi utawala.

Mtakutana mapema na nadharia ya siasa, na hapo wengi hukata tamaa. Plato, Aristotle, Machiavelli, Hobbes, Locke, Rousseau, Marx, majina yanafuatana, na mwanafunzi anakariri desa, yaani muhtasari wa masomo ulionakiliwa, usiku wa kuamkia mtihani. Nawasihi msiwasome hivyo. Mchukueni Hobbes. Aliandika kitabu chake kikuu mwaka 1651, Waingereza wakiwa wametoka kupigana wao kwa wao hadi mfalme wao akakatwa kichwa mwaka 1649. Anasema pasipo mamlaka moja inayowazidi wote nguvu, kila mtu ni tishio kwa mwenzake, hakuna anayelima wala anayejenga, na watu wanaishi kwa hofu. Kwa hiyo ni afadhali wakubaliane kumkabidhi mtawala mmoja nguvu zao.

Sasa panda gari hapo Kange mpaka Usambara. Ufalme wa Wakilindi, ulioanzishwa na Mbega na kufika kileleni chini ya Kimweri ye Nyumbai huko Vuga katika karne ya 19, ulikuwa na nadharia yake ya madaraka. Mwanahistoria Steven Feierman alikaa na Washambaa akaieleza kwa kirefu. Walisema mfalme akiwa mmoja na imara, nchi inapona: mvua zinanyesha, migomba inazaa. Wakitokea wenye nguvu wawili wanaogombania, nguvu kwa nguvu, nchi inaharibika na njaa inaingia. Kimweri alipofariki, ndugu wakagombania kiti, biashara ya watumwa ikachochea moto, na watu wakauzana. Kwa Washambaa huo ulikuwa ushahidi.

Mtaona hoja inafanana na ya Hobbes, wala hakuna aliyemsoma mwenzake. Lakini ipo tofauti kubwa, na mimi huwa nasimama hapo. Kwa Hobbes, ukishamkabidhi mtawala nguvu, huna tena nafasi ya kumpima kwa mavuno. Kwa Washambaa kipimo kilikuwepo shambani. Watu walitoa kodi ya mfalme, na njaa ikizidi walikuwa na haki ya kuuliza nchi inaharibiwa na nani. Waingereza walipokuja na mpango wao wa hifadhi ya udongo kule Mlalo kuanzia mwaka 1946, wakawalazimisha watu kulima matuta milimani, wakulima walipinga kwa lugha hiyohiyo ya nchi kupona na nchi kuharibika, na upinzani huo ukawapeleka wengi TANU miaka ya 1950. Hiyo ni nadharia ya siasa iliyofanya kazi, iko hapa mkoani kwetu. Mkiandika insha mkawaweka Hobbes na wazee wa Vuga meza moja, mwalimu ataisoma mpaka mwisho.

Sehemu nyingine ni siasa linganishi, uhusiano wa kimataifa, uchumi wa kisiasa, sera za umma na mbinu za utafiti. Sitazieleza zote. Nataja mada moja tu, mamlaka ya dola, kwa sababu ina mfano Pangani. Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodishia kampuni ya Kijerumani usimamizi wa ukanda huu wa pwani pamoja na ushuru wake. Agosti mwaka huohuo mawakala wa kampuni wakapandisha bendera yao Pangani, watu wakakataa, na Abushiri bin Salim akaongoza vita vilivyoenea pwani nzima. Alinyongwa palepale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Je, kampuni ya biashara inaweza kuwa dola? Sultani alikuwa na haki ya kukodisha nchi ambayo wenyeji wake hawakuulizwa? Ukiweza kulijadili hilo kwa kurasa tano bila kupayuka, umeanza kuwa mwanasayansi wa siasa.

Karibuni kwa maswali.

---

Msukuma Baiskeli

Mkuu umeandika vizuri, lakini historia haijazi sufuria. Hapa Makorora nawajua wenye digrii hiyo hiyo yako, mmoja anaendesha bodaboda, mwingine anauza vocha. Mzazi ameuza shamba Pongwe kumsomesha. Waambie vijana ukweli, waende ufundi VETA.

---

Mdigo wa Duga

Ndugu yangu Msukuma Baiskeli, unachosema ni kweli na hao unaowajua nami nawajua wa aina yao. Ajira ni chache. Serikali inaajiri kupitia Sekretarieti ya Ajira, nafasi zikitangazwa waombaji wanafurika, kuna usaili wa mchujo wa kuandika kisha mahojiano, na mtu anaweza kurudi nyumbani mara kadhaa. Kijana ajue hilo mapema, na mzazi ajue kabla hajauza shamba. Kwa maoni yangu shamba lisiuzwe kwa digrii yoyote ile.

Anayependa ufundi aende VETA, na heshima yake ni ileile. Ninayezungumza naye hapa ni yule anayeitaka fani hii. Huyo namwambia milango ipo: utendaji wa kata, uafisa tarafa, utumishi na utawala kwenye halmashauri na taasisi za umma, mashirika yasiyo ya kiserikali, uandishi wa habari, utafiti, mambo ya nje. Kwa mambo ya nje kuna pia Chuo cha Diplomasia Kurasini, kilichoanza mwaka 1978 kwa ushirikiano wa Tanzania na Msumbiji. Anayetaka kubaki chuoni kufundisha alenge GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.8 kwenda juu tangu mwaka wa kwanza, maana chini ya hapo nafasi ya msaidizi wa mhadhiri haimfikii.

Tatizo nililoliona ni kwamba milango hiyo haifunguki kwa cheti peke yake. Wawili wana cheti kimoja: mmoja anaweza kuandika ripoti ya kurasa tatu inayoeleweka, kuandaa muhtasari wa kikao na kuchambua takwimu za dodoso, mwingine alipita na madesa ya wenzake. Kwenye usaili wa mchujo wanatofautiana ndani ya saa moja.

---

Binti wa Mikanjuni

Shikamoo kaka. Mimi nimemaliza HGK, nina C ya Historia, C ya Jiografia na B ya Kiswahili. Nitapata? Na umesema takwimu, mimi nimekimbia hesabu tangu kidato cha pili, je kuna hesabu huko?

---

Mdigo wa Duga

Marahaba mdogo wangu. Sharti la jumla la TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa waliomaliza kidato cha sita ni ufaulu wa principal mbili, yaani masomo mawili makuu, zenye jumla ya pointi 4 kwenda juu, na kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2, E 1, wewe umeshavuka. Lakini kila programu ina masomo yake inayoyataka, na panapokuwa na waombaji wengi ushindani unapandisha alama. Fungua kitabu cha mwongozo cha TCU cha mwaka huu usome mstari wa programu yenyewe, usitegemee cha mwaka jana ulichotumiwa kwenye kundi la WhatsApp.

Kuhusu hesabu: ndiyo, zipo. Kwenye mbinu za utafiti utajifunza kuchagua sampuli, wastani, asilimia, uhusiano wa vigeu viwili, na kuingiza majibu ya dodoso kwenye kompyuta. Hakuna kinachokushinda hapo ukiwa na subira. Naomba sana usikimbie. Wenzako wengi watakimbia, watamlipa mtu awafanyie sura ya nne ya utafiti wao, ile ya matokeo, na siku ya kuutetea watashindwa kueleza jedwali lao wenyewe. Mtu wa siasa asiyesoma jedwali atadanganywa na kila anayekuja na asilimia.

Anza sasa hivi ukiwa nyumbani. Chukua matokeo ya uchaguzi wa jimbo lenu ya miaka tofauti, uyapange, uangalie waliojiandikisha ni wangapi, waliopiga kura ni wangapi, kata zipi zimebadilika. Hesabu ya kujumlisha na kugawanya inatosha kuanzia.

---

Mzee wa Bweni

Nimesoma mpaka macho yamechoka lakini nimefurahi. Mwanangu, umemtaja Abushiri, umetutendea haki watu wa Pangani. Naomba uwaambie vijana na habari ya mwaka 1972, halmashauri zilipofutwa. Sisi tulikuwa vijana. Ilisemwa ni madaraka mikoani, lakini sisi tulioko ng'ambo ya mto tuliona wenye kauli wamekuwa watumishi waliotoka mbali. Bomba la maji likivunjika unangoja mtu wa mkoa. Hayo wanafundishwa huko chuoni au wanafundishwa ya Ulaya tu?

---

Mdigo wa Duga

Shikamoo mzee wangu. Wanafundishwa, na ni moja ya mada bora kabisa katika utawala wa umma.

Vijana, msikilizeni mzee. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa, kazi zake zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani. Kusudio lilikuwa kusogeza maendeleo karibu na wananchi. Kilichosogea ni ofisi. Uamuzi ulibaki kwa wateule wa juu, na mwananchi akakosa diwani wa kumkamata shati. Huduma za miji zikazorota, na mwaka 1982 Bunge likatunga sheria mpya, Namba 7 kwa wilaya na Namba 8 kwa miji, halmashauri zikarudi mwaka 1984. Leo Katiba yenyewe, ibara ya 145 na 146, inazitambua, na inasema kusudi la kuwapo kwake ni kupeleka madaraka kwa wananchi.

Sasa hapo ndipo kazi ya mwanafunzi inapoanza: yamefika? Mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 ni mjumbe wake, unaitishwa? Mapato na matumizi yanasomwa? Sheria inataka asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri itolewe mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inawafikia akina nani? Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti na kusema hana, namwambia aende Muheza au Mkinga akae kijiji kimoja likizo nzima, awasikilize watu kama Mzee wa Bweni na kuandika. Wazee hawa ni maktaba, na wanaondoka.

---

Mama Korogwe

Habari zenu. Mimi ni mzazi. Binti yangu anataka hiyo Siasa na baba yake amekataa katakata, anasema mtoto wa kike akisoma siasa ataishia kwenye maandamano na matatizo. Nifanyeje baba?

---

Mdigo wa Duga

Mama yangu, hofu ya mzee naielewa na simlaumu. Mwambie kwa upole kwamba darasani siasa inasomwa kama daktari anavyosoma ugonjwa: lazima auchunguze bila kuwa na upande. Tumekaa semina moja na wenzetu wa vyama tofauti, na wasio na chama kabisa, tukabishana kutwa na jioni tukala pamoja. Anayepaza sauti bila ushahidi anapata alama ndogo hata kama mwalimu anakubaliana naye.

Na mwambie jambo jingine. Ripoti ya Tume ya Nyalali, iliyokusanya maoni ya wananchi mwaka 1991, ilionyesha waliotaka chama kimoja kiendelee ni karibu asilimia 80, waliotaka vyama vingi karibu 20. Tume ikapendekeza vyama vingi, na sheria ikaanza kutumika Julai 1992. Darasani tulijadiliana kwa siku nyingi: wengi wakisema hapana, ni sahihi kuwapa wachache haki yao? Kwa nini? Binti anayefundishwa kujibu swali kama hilo kwa utulivu, akimsikiliza anayempinga, anarudi nyumbani akiwa na busara zaidi ya aliyoondoka nayo. Sijaona wa kumwogopa hapo. Kama mzee atakubali kuzungumza, niandikie pembeni, nitampigia kwa heshima zote.

---

Kijana wa Chongoleani

Kaka mimi niko huku kwenye bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda. Kuna wageni walikuja na madodoso, wakatuhoji, wakaondoka, hatujaona matokeo. Ndiyo hiyo sayansi ya siasa? Na je bomba nalo linasomwa?

---

Mdigo wa Duga

Bomba linasomwa sana, na ninatamani lingesomwa na nyinyi mnaoishi nalo. Kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka hapo kwenu, linapita mikoa 8 ya Tanzania. Tazama wenye hisa: TotalEnergies asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda 15, TPDC, shirika letu la mafuta, 15, kampuni ya CNOOC ya China 8. Serikali mbili zina 30 kwa jumla, kampuni mbili za nje zina 70. Nani anaamua nini hapo? Nani alipe fidia, kwa bei ya mwaka gani? Kwa nini Uganda ilichagua njia ya Tanga mwaka 2016 wakati mazungumzo ya kupitia Kenya yalikuwa yamefika mbali? Jiwe la msingi liliwekwa hapo Chongoleani Agosti 2017 na Rais Magufuli na Rais Museveni, na Museveni mwenyewe alisoma uchumi na siasa Dar es Salaam kati ya mwaka 1967 na 1970, wakati Walter Rodney akifundisha pale na mijadala ya ukombozi ikiwaka. Huwezi kuielewa ramani ya bomba ukiacha siasa nje.

Kuhusu wale wa madodoso: kuchukua maneno ya watu na kutowarudishia matokeo ni ukosefu wa adabu, na kwenye mbinu za utafiti tunafundishwa hivyo. Mtafiti anapaswa kujieleza, kuomba ridhaa, kulinda siri ya aliyehojiwa na kuwa na kibali. Wakija tena, waombeni kibali chao, mtendaji akione, na muwaulize wazi matokeo yatarudi lini na kwa lugha gani. Mna haki ya kukataa kuhojiwa. Wewe mwenyewe umemaliza kidato cha ngapi?

---

Kijana wa Chongoleani

Cha nne tu kaka, divisheni three. Nina miaka 24.

---

Mdigo wa Duga

Basi hujachelewa. Kwa cheti hicho angalia astashahada ya serikali za mitaa au utawala, kwa mfano Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere Kivukoni, kisha stashahada, na ukiwa na stashahada yenye ufaulu mzuri unaomba digrii. Njia ni ndefu kuliko ya kidato cha sita lakini unafika ukiwa umeshajua kazi. Chuo Kikuu Huria nacho kina kituo hapa Tanga, kinamfaa anayefanya kazi huku anasoma. Ulizia moja kwa moja ofisini kwao, usipitie kwa madalali wa fomu.

---

Binti wa Mikanjuni

Kaka la mwisho. Nisome nini kabla sijaenda, na mkopo nijiandaeje? Baba ni mvuvi, hana salary slip.

---

Mdigo wa Duga

Soma Katiba ya mwaka 1977 yote, kwa Kiswahili, taratibu, ukiandika pembeni kila ibara usiyoielewa. Kisha nenda maktaba ya mkoa pale mjini, ukae na magazeti ya zamani na vitabu vya historia ya Tanganyika. Kikao cha baraza la madiwani cha robo mwaka kikitangazwa, nenda ukakae nyuma usikilize. Ni cha wazi, hufukuzwi. Angalia diwani anauliza nini, mkurugenzi anajibu nini, na nini hakijibiwi. Fanya na mazoezi ya kuandika Kiingereza kila siku, ukurasa mmoja, kwa kuwa mihadhara na mitihani ni ya Kiingereza na hapo ndipo watoto wetu wenye akili nzuri wanapoangukia.

Mkopo: kazi ya baba haikuzuii, uvuvi unajieleza kwenye fomu na hauhitaji hati ya mshahara. Anza na cheti cha kuzaliwa, kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema kwa sababu foleni huwa ndefu mwishoni. Majina yako kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha taifa cha NIDA yafanane herufi kwa herufi. Kama kuna Mwanahamisi hapa na Mwanahamis kule, shughulikia wiki hii. Fomu inataka saini ya mdhamini, ya serikali ya mtaa na muhuri wa mwanasheria au hakimu. Mwenyekiti wa mtaa wenu nenda ukamwone asubuhi.